Ngozi Yangu Ilipanda Ndege Kabla Yangu

Mwanangu Nasra,

Salamu tutapeana jioni mtakaporudi, hapa nazivuka. Wewe na mama yako mmekwenda Kidichi kumuaga bibi yako, na nimjuavyo bibi yako hatakuachieni mpaka mkoba ujae mdalasini wa kuwapelekea watu asiowajua. Nina kama saa tatu. Wazee wengine barua hizi huziandika usiku wa kuamkia safari, taa imewashwa na machozi yapo tayari. Mimi naandika baada ya adhuhuri, dirisha wazi, kwa sababu unayoijua, na kwa sababu nyengine usiyoijua. Hiyo ya pili ndiyo barua yenyewe.

Sitakwambia uvae sweta. Mama yako kashakwambia, na majirani watatu wamesharudia. Kibla utakipata kwenye simu. Mimi nataka kukwambia habari ya karatasi.

Karatasi yako ya ridhaa, inayongoja sahihi yangu, ipo chini ya kopo la bisibisi, pale pale ulipoiweka wiki tatu zilizopita. Kila asubuhi unashuka ngazi, unalitazama kopo, unanitazama mimi, unasema, "Baba, umeshaisoma?" Nami nasema, "Nnaisoma." Ukadhani nina uzito wa dini, ukaenda mpaka kwa sheikh, ukarudi mbio unahema: kasema hana neno, mradi nia ni elimu na kutafuta dawa. Nikasema alhamdulillahi, nnaisoma. Ukadhani basi ni hofu, ukanichorea upya, taratibu, kwa kalamu ya rangi, kama unamfundisha mtoto wa chekechea. Nikasifu mchoro.

Si dini, mwanangu, na hofu ni kidogo tu. Nina wivu.

Neno hilo nimelivaa miaka ishirini na saba kwa uongo, na sasa limenijia la kweli. Inabidi nianze na la uongo, maana ndilo lililonifikisha hapa.

Unajua kwamba baraza ya Sule muuza kahawa wananiita Bwana Wivu. Umekua unalisikia, na naona haya kusema kwamba hujawahi kuniuliza limetoka wapi. Limetoka kwangu. Nilikuwa nimeoa miezi mitano. Kila alasiri nilifunga duka, nikakaa na wenzangu barazani, na kila jua lilipoanza kuwa jekundu nilinyanyuka. Wao ndio kwanza kahawa inakolea, kadi zinachanganywa, siasa inapamba moto. Mimi nikitazama jua kama mtu mwenye deni nalo. Nilihesabu: hatua mia na kumi mpaka kona, kisha kushoto, kisha ngazi mbili za mlango wetu. Jua likizama na mimi bado nje, kichochoro chote kwangu kilikuwa ni wino.

Siku moja Sule akasema, buli mkononi, "Fundi, mbona jua likizama na wewe unazama? Umekuwa kuku?"

Wakacheka. Na mimi damu ikanikauka, kwa sababu ambayo nitakwambia huko mbele. Lakini ulimi wangu, kama ujuavyo, hutangulia mwenyewe. Nikasema, "Mwenye waridi halali mbali na ua lake."

Baraza ikaangua kicheko cha namna nyengine. Sule akapiga vikombe vyake vile viwili, kwa-kwa-kwa, akasema, "Kumbe bwana una wivu! Semeni tokea leo, Bwana Wivu!" Nikaondoka najifanya nimetahayari, na moyoni nimepona. Nilichagua jina kama mtu anavyochagua kanzu dukani. Lile la kuku lilinibana makwapani. La wivu lilinikaa.

Sikuwa na wivu wowote siku hiyo, nataka ulijue hilo. Mama yako alikuwa ndani anapika mbatata za urojo na hata habari hana kwamba ameshakuwa waridi.

Jina liliponikaa likaanza kudai. Mtu mwenye wivu haendi harusi za usiku, na mkewe vile vile haendi. Mama yako mdogo Zuhura alipoolewa, sherehe ilikuwa Mtoni, usiku, na kufika huko kulitaka mume wa kumpeleka mkewe na kumngoja nje amrudishe. Wanaume wote walifanya hivyo. Ningesimama wapi mimi kwenye kiza kile, nikiegemea ukuta gani? Nikasema hatoki mtu. Dadake wa tumbo moja, Nasra. Akakaa hapo juu na hina yake mikononi, imeshakauka, anasikiliza magari ya wenzake yanaondoka.

Kesho yake wanawake wakaulizana. Mwanamme hamfungii mke bure, walisema. Lazima ana alilomwona nalo. Maneno hayo yalimfikia, na yeye alikuwa anaijua kweli yote, maana mwaka wa kwanza tu nilikanyaga seredani yenye moto wa makaa mbele ya macho yake, taa ikiwa imezimika, na nikalia nikamwambia. Angeweza kuwajibu kwa neno moja, "Mume wangu haoni usiku." Hakulisema. Alibeba tuhuma yeye ili mimi nibaki na jina zuri. Nilikuwa nadhani nimefanya ujanja. Miaka mingi imepita kabla sijaona kwamba ujanja wangu ulilipiwa na mwengine, na kwamba mtu wa namna hiyo kwa kawaida haitwi mjanja.

Kisha likaja la kweli. Uongo ukiuvaa kila siku hukugeuza umbo. Mtu asiyeona pembeni ana nafasi kubwa ya kujaza pembeni vitu vyake mwenyewe. Mama yako akicheka na muuza mboga, mimi namwona mama yako tu, meno yake, na muuza mboga namjaza mwenyewe: mrefu, kijana, ana ndevu nzuri. Nikigeuza shingo nimpate, kumbe ni babu wa watu hana meno. Lakini yule niliyemjaza alikuwa ameshaniuma. Hivyo ndivyo Bwana Wivu alivyohamia ndani ya nyumba kwa miguu yake. Usiingie katika jina kwa mzaha, mwanangu, hata la kisomi.

Sasa la kuku.

Mjomba wangu Makame, ndugu wa mama yangu, alikuwa mchoma chokaa karibu na Mkokotoni. Wewe na Profesa wako wa Ulaya mlipokaa kwenye simu ya video mkaniuliza kama katika ukoo yupo mwengine mwenye macho haya, nilikwambieni yupo mjomba aliyepofuka, lakini yeye kaunguzwa na chokaa. Ukaandika. Profesa akatikisa kichwa kwa huruma. Nilidanganya. Chokaa haikumgusa. Alianza kwa kutoona usiku, kisha akawa anajikwaa mchana, kisha akabakiwa na tundu moja la mwanga kama la funguo, kisha nalo likafungwa. Watu wa nyumbani walisema chokaa kwa sababu chokaa ni ajali, na ajali haiharibu posa za binti za watu.

Walimfungia kamba ya makumbi ya nazi, kutoka mlangoni kwake mpaka msikitini. Anaishika, anakwenda, anasali, anarudi. Watoto walimwita Kuku. Na siku moja, mimi nikiwa likizo kwa bibi, na umri wa miaka tisa na akili ya miaka mitatu, niliifungua kamba ile upande wa msikiti nikaifunga kwenye banda la kuku. Mjomba akaja nayo, kanzu safi, ametawadha, akaingia bandani mzima mzima. Kuku wakaruka na yeye katikati yao. Kijiji kizima kilicheka. Na yeye alicheka, hilo ndilo sijalisahau. Akapangusa manyoya kifuani, akasema, "Njoo, wewe uliyefunga. Fundo hili la mtu wa mjini."

Nikaenda. Akanishika mkono, akaupapasa, akasema polepole ili wengine wasisikie, "Jana magharibi nimekusikia unatambaa na ukuta. Basi kamba yangu usiitupe. Itakufaa."

Nilichukulia kuwa kanilaani. Usiku nilipoanza kuwa mweusi zaidi mwaka hata mwaka, nilijua ni malipo: nimemwingiza kipofu bandani, nami nimetiwa bandani. Sikumwambia mtu. Ndiyo sababu Sule aliposema kuku, nilihisi mjomba kanishika mkono tena. Alikufa sijamwomba radhi.

Miaka arubaini nilikaa na laana hiyo, Nasra. Halafu mwaka jana ukaja wewe, na karatasi yako ya majibu ya vipimo, ukakaa kwenye kigoda changu cha kazi, ukanambia kwa sauti ya kumpa mtu habari mbaya, "Baba, ni herufi mbili. Kwenye maandishi ya mwili herufi mbili zimeanguka, basi. Zimetoka kwa bibi, mama yako, na bibi kazipata kwao." Ukasubiri nisikitike. Mimi nilikuwa nafikiri: zilianguka kabla sijazaliwa. Kabla ya kamba. Kwa hiyo mjomba hakunilaani. Alinitambua tu, alimjua mwenzake kwa namna anavyogusa ukuta, na akanipa kitu pekee alichokuwa nacho.

Sikukushukuru siku ile. Nilikwambia niachie nafasi kuna saa ya watu nnaitafuta skrubu yake. Nashukuru sasa. Na ukifika, kwenye ule mti wa ukoo mnaouchora, futa chokaa. Andika: Makame, upande wa mama, haya haya.

Siku ile ile ulinambia na la pili, ukalisema kwa tabasamu, jambo ambalo daktari mzuri asingefanya na mtoto mzuri hufanya. Kwamba wewe umelibeba kosa hilo. Mtoto wa kike wa mwanamme mwenye ugonjwa huu hana bahati ya kura, analo tu. Huenda macho yako yasidhurike, lakini mwanao wa kiume atakuwa nusu kwa nusu. Nami nikainama nikatia ufunguo saa ya ukutani ambayo ilikuwa imejaa ufunguo tayari, nikaikata springi. Saa ya watu. Ulidhani sikusikia. Nilisikia. Sina la kukwambia juu yake isipokuwa hili moja: atakapokuja wa kukuposa, mwambie kabla ya mahari, na mwambie mchana. Mimi mama yako nilimwambia baada ya seredani.

Ulipokuwa mdogo nilikuwa nakushika bega tukienda Darajani, nikisema nakushika usipotee. Ulikuwa na miaka sita. Hukunambia neno, ila ulianza kusema kama unajisemea, "Ngazi. Maji. Baiskeli." Nilidhani ni mchezo wako. Ulipofika miaka kumi ulinambia mezani, mbele ya mama yako, "Baba, mbona chini huoni?" Nikakuuliza kwa ukali nani kakwambia maneno hayo. Nikakuapisha usiseme kwa mtu. Ukaapa, na chai ikapoa. Halafu ukakua ukasomea jicho. Watu wananiuliza mtoto huyu kapata wapi hamu ya jicho, nami nasema kutoka kwa Mungu. Umeipata kwa kukatazwa kulitaja.

Na kazi yangu ilinisaidia kudanganya. Ugonjwa wetu unaanza kula pembeni, katikati unaacha mwisho. Nikibana lenzi jichoni naona jino la gurudumu lililopinda ambalo kijana mwenye macho mawili mazima halioni. Nani atashuku kwamba fundi anayeokota skrubu ndogo kuliko chawa hakuliona gari la kusukuma la hamali? Niliwahi kuiamkia kanzu iliyotundikwa msumarini, na niliona ina kiburi kwa kutoitikia. Wanasema mimi ndiye mwenye kiburi, kwa kuwa mtu akininyooshea mkono chini ya kifua siupokei. Siuoni, Nasra. Mikono mingi imeninyookea katika mji huu ikarudi mitupu.

Basi nimefika kwenye wivu wenyewe, nitauandika wote, nikiuacha nusu utaota tena.

Namwonea wivu Profesa wako. Tokea mwaka jana kila sentensi yako inaanza na "Profesa anasema." Profesa anasema chai ya rangi ni nzuri, miaka ishirini na tano mimi nimeisema chai hiyo hiyo. Ulimfundisha aseme shikamoo, akanambia kwenye simu, na mvi zake zinanishinda. Nikaitikia marahaba na nikajua papo hapo kwamba ananitaka kitu.

Naionea wivu ngozi yangu. Kile kijinyama kama punje ya mchele walichonikata mkononi hospitali mwaka jana kiko Ulaya kwenye barafu, kinangoja sahihi. Kimepanda ndege. Mimi mwenye mkono nimefika Dar es Salaam mara mbili, kwa boti, na zote nilitapika.

Na ulipokuja kunieleza kazi yenyewe, wivu ulizidi. Ulisema mnaitwaa seli ya ngozi, mnairudisha utotoni, inakuwa seli shina, haijaamua bado itakuwa nini. Nilikuuliza, "Utotoni kabisa?" Ukasema, "Kabla ya utoto, baba." Mimi nabaki na mvi na seli yangu itarudi kabla ya utoto. Kisha mnaibembeleza miezi na miezi mpaka ifanye kishanga kidogo, na hicho kishanga ni ile ngozi ya nyuma ya jicho, retina, inayopokea mwanga. Retina yangu, katika kisahani, itaanza upya.

Halafu ukafika pale pa kuhariri. Mimi nilidhani kinachohaririwa ni gazeti. Ukasema kuna mkasi mdogo usioonekana, unaokwenda mpaka pale herufi mbili zilipoanguka, unakata, na herufi zinarudishwa. Nikasema hiyo ni kazi ya fundi saa. Ukacheka ukasema ndiyo sababu naielewa. Lakini hamzitengenezi zote. Mnafanya mbili: moja inabaki na kosa lake, nyengine inasahihishwa, na mengine yote ni sawasawa, mtu na pacha wake. Mnaviweka vishanga ubavu kwa ubavu, mnatazama ni kipi kinakufa, lini, na kinaanzia wapi. Kwa njia hiyo mtajua ugonjwa unavyotembea.

"Na hicho kilichosahihishwa," nikauliza, "kitaona?"

"Hakioni kitu, baba. Hakina ubongo. Kinapokea mwanga tu."

"Basi ni sawa na wengi wa pale barazani."

Ulicheka mpaka ukashika meza. Kisha ukanitazama ukasema lile ambalo wengine wangelificha. "Hii haitakuponya wewe, baba. Nataka ujue kabla ya kutia sahihi. Ni ya kujifunza. Pengine ya mtoto wa mtu, baadaye." Niliipenda heshima hiyo. Na usiku huo nililala namwonea wivu mtu ambaye hayupo: mimi, aliyesahihishwa. Yule angekaa barazani mpaka saa tano. Angempeleka mama yako Mtoni, akamngoja nje na wanaume wenzake, akapiga soga, akamrudisha. Angeipokea mikono yote. Nilimchukia kama mtu anavyomchukia mume wa kwanza wa mkewe.

Na la mwisho ndilo dogo na ndilo baya zaidi. Ulisema vitu hivyo mwanzoni hulishwa kila siku. Kila siku, hata Ijumaa, hata Idi. Nikauliza nani atavilisha. Ukasema, "Mimi." Hapo ndipo niliposema niwekee karatasi hapo, nitaisoma. Yaani mwanangu mmoja ataondoka, aende nchi ya baridi, akilishe kila siku kipande changu, na mimi mzima niachwe hapa nile peke yangu. Utasema haya ni maneno ya mtoto. Ndiyo.

Karatasi nimeisoma, wacha nikiri. Nimeisoma yote kwa lenzi na kamusi, herufi nne nne, na ina kurasa sita. Imeandikwa humo kwamba naweza kujitoa wakati wowote, bila kutoa sababu. Niliisoma sentensi hiyo mara nyingi. Katika umri wangu wote hakuna aliyenipa karatasi ya kubadili mawazo bila kuulizwa. Ingekuwepo moja ya majina, ningekuwa nimejitoa kwenye Bwana Wivu zamani. Imeandikwa pia kwamba seli zitaitwa kwa nambari badala ya jina. Nambari ni jina zuri. Haina anayeicheka.

Jumatatu mama yako alilinyanyua kopo kufuta vumbi, akaona mstari wa sahihi uko mweupe. Hakupaza sauti. Unamjua.

"Bado?"

"Nnaisoma."

Akakaa kwenye kigoda chako. "Miaka ishirini na saba nimekaa ndani kwa ajili ya macho yako," akasema. "Nilikuwa mkeo, nilikubali mwenyewe, sikulaumu. Lakini huyu mtoto hakuolewa na macho yako. Utamfungia na yeye?"

"Nani kamfungia? Tiketi anayo."

"Anakwenda mwili. Moyo umeuweka hapo chini ya kopo." Akaliweka kopo mahali pake, sawasawa, kwenye alama yake ya duara. "Hata huo mji wa Ulaya una usiku, baba Nasra, usimfungie na huko. Mpe mtoto ruhusa."

Nikatia lenzi jichoni nikarudi kwenye saa ya watu.

Hapa nimeinuka kusali alasiri, na niliporudi nimetia sahihi. Nilipata taabu kuuona mstari, nikaweka ukingo wa rula chini yake, kwa hiyo sahihi yangu ni bapa kwa chini kama mkate uliokandamizwa. Usione haya nayo mbele ya Profesa. Karatasi naitia ndani ya bahasha hii hii, nyuma ya barua, na bahasha naificha katika sanduku lako dogo, ndani ya sweta, kwa kuwa najua hutaivaa mpaka ushikwe na baridi, na ukifika kwenye baridi utakuwa umeshaondoka na sitakuona ukisoma.

Nina sharti moja ambalo halimo katika kurasa zile sita. Kile kishanga chenye kosa usikinyime. Najua kitakufa mapema, ndiyo kazi yake. Mpaka hapo kilishe sawa na mwenzake, saa ile ile, na usikifanye cha pili. Ukiwa peke yako unaweza kukisalimia. Nambari yake mtaijua nyinyi.

Nimerudi kutoka kwenye sanduku, bahasha ninayo bado. Nimekosea, kumbe barua hii haiwezi kwenda sandukuni, kwa sababu kuna jambo inabidi ulijue kesho kabla hujaondoka. Bahasha nitakupa mkononi, alfajiri, usome mchana.

Ndege yako ni kesho saa tatu usiku. Nilikwambia sitaweza kuja uwanjani, kuna bwana anaitaka saa yake ya ukutani magharibi. Hakuna bwana. Ukasema, "Haidhuru, baba," haraka, kama ulivyosema miaka yote, kwenye mahafali, kwenye harusi za rafiki zako, kwa kila kitu kilichofanyika baada ya jua. Hukuwahi kuniuliza ni saa ya nani.

Nakuja. Tutatoka baada ya Magharibi, mama yako mbele, mkono wangu begani kwake, na tutapita kwa Sule ilhali wote wamekaa, maana njia nyengine ina mashimo na pia kwa sababu nimetaka. Sule atasema neno. Nimeshaliandaa jibu la kumjibu, zuri sana. Lakini nadhani nitalimeza, nitamwambia kweli, kwamba usiku sioni na mke wangu ndiye anayenipeleka. Majibu yangu mazuri yameshatugharimu vya kutosha.

Pale uwanjani kuna mlango wa kioo, abiria wakishapita hugeuka wakapunga mkono. Nimeuona mchana. Wewe usinipungie, huo utakuwa mkono mwengine ulionyooshwa nisiouona, na huo sitaki kuukosa. Simama, ugeuke, uniite kwa sauti, hata watu wakitazama. Sema tu, "Baba."

Nitaitika, "Naam."

Baba yako,
Fundi